Miaka minane ya Tina Turner

Mwanzoni mwa Julai 1976, mjini Dallas, jimbo la Texas, mwanamke mmoja alingoja mumewe apitiwe na usingizi, akajifunika kichwa, akatoka hotelini kimyakimya. Uso ulikuwa umevimba kwa kipigo cha siku hiyohiyo. Akakata mbio kuvuka barabara kuu, lori nusura limpitie, akafika hoteli ya ng'ambo ya pili na kumwomba meneja ampe chumba, pesa atalipa baadaye. Alikuwa na senti 36 na kadi ya kununulia petroli. Na umri wake ulikuwa miaka 36.

Septemba 1, 1984, mwanamke huyohuyo alikuwa na wimbo namba moja Marekani. Albamu yake, Private Dancer, iliyotoka Mei mwaka huo, ilikuwa inauzwa kila nchi yenye duka la kaseti.

Wengi tunamjua Tina Turner kwa picha hizo mbili: anakimbia, kisha anatawala. Ikisimuliwa hivyo, inaonekana kama muujiza, au kama bahati iliyomkuta njiani. Mimi kinachonikaa rohoni ni miaka minane iliyo katikati, kwa sababu humo ndimo kazi yote ilimofanyika. Wapenzi wa muziki wa kwetu tuna neno la msanii ambaye wakati wake umepita: kachuja. Ni neno la kitenge kilichofuliwa mpaka rangi ikatoka. Na mwaka 1979, mtu yeyote anayeijua biashara ya muziki Marekani angekuambia bila kusita kwamba Tina Turner amechuja.

Tuanze na jina, maana bila hilo kisa hiki hakieleweki.

Alizaliwa Anna Mae Bullock, Novemba 26, 1939, akakulia Nutbush, kijiji cha mashamba ya pamba jimboni Tennessee. Akiwa bado msichana alihamia St. Louis, na huko ndiko alikojiunga na bendi ya Ike Turner, aliyekuja kuwa mumewe. Mwaka 1960 ulipotoka wimbo wao wa kwanza kushika chati, Ike alimpa jina la Tina Turner bila kumuuliza. Tena akalisajili, ili siku binti huyo akiondoka, amweke mwanamke mwingine mahali pake na watu waendelee kununua tiketi za Tina Turner. Kwa miaka 16 walipanda jukwaani pamoja. Mwaka 1971 wimbo wao Proud Mary ulifika namba 4 Marekani na ukawapatia Grammy. Mapesa yote yalipita mikononi mwa Ike, na nyumbani ilikuwa ngumi na waya.

Talaka ilikamilika mwaka 1978. Tina aliachia karibu kila walichochuma pamoja, nyumba, studio na mali nyingine, akabaki na magari mawili, haki ya mirabaha ya nyimbo alizozitunga mwenyewe, na lile jina. Jina ndilo alilolipigania. Watu walimshangaa: mwanamke ana watoto wa kulea, hana akiba, anagombea jina alilobandikwa na mtu aliyemtesa! Lakini yeye alijua hesabu yake. Miaka 16 ya jasho jukwaani ilikuwa imehifadhiwa mahali pamoja tu, kwenye jina hilo. Angeanza upya kama Anna Mae Bullock, hakuna promota ambaye angepokea simu yake.

Na deni lilikuwepo. Alitoroka katikati ya ziara, kwa hiyo shoo zilizovunjika zilikuwa na watu waliotaka kulipwa, na waliomdai walimdai yeye. Kwa kipindi fulani aliishi kwa marafiki, akiwasafishia nyumba ili asionekane mzigo, na akala kwa vocha za chakula za serikali. Alionekana kwenye vipindi vya mchezo vya televisheni. Aliimba Las Vegas na kwenye kumbi za mahoteli, amevaa magauni ya kumetameta, nyuma yake wacheza shoo na wanamuziki waliovalia suti za harusi. Watu wakila, yeye anaimba.

Kuna albamu mbili za kipindi hicho ambazo leo hazitajwi sana, Rough ya 1978 na Love Explosion ya 1979. Zilianguka zote mbili. Nimezisikiliza, na sioni kwamba tatizo lilikuwa sauti. Sauti ipo, imejaa tele. Tatizo ni kwamba zinakimbilia kila kinachovuma. Disko ilikuwa imeshika, basi na yeye akapelekwa huko, akaimbishwa juu ya midundo ambayo angeweza kuimba mtu mwingine yeyote. Ukiisikiliza ya pili, unapata hisia ya mgeni aliyevalishwa nguo za mwenye nyumba. Baada ya hapo akabaki bila mkataba wa kurekodi.

Lipo na jambo la kipindi hicho ambalo msomaji wa Afrika hawezi kuambiwa aliruke. Mwaka 1979 alikwenda kufanya shoo Afrika Kusini, makaburu wakiwa bado madarakani na wasanii wa dunia wakiombwa wasiende. Alikuwa na deni, hilo ni kweli. Lakini deni linaeleza tu kwa nini alikwenda, halimsafishi. Ninampenda mno mama huyu, ndiyo maana siwezi kulificha.

Mabadiliko yalianza alipokutana na Roger Davies, meneja kijana kutoka Australia. Alikwenda kumtazama akiimba kwenye ukumbi wa hoteli San Francisco. Alichokiona kilimvuruga kichwa: vazi la kumetameta na mbwembwe za kizamani, na katikati yake mwanamke ambaye nguvu zake zilikuwa zinataka kuvunja ukuta. Alipomuuliza anataka nini, Tina alimwambia anataka kujaza viwanja vya mpira kama bendi ya roki ya Rolling Stones. Alikuwa anaelekea miaka 40, ana deni, hana lebo. Davies hakucheka.

Ushauri wake ulikuwa wa kuondoa. Wacheza shoo waondoke, suti za harusi ziondoke, magauni ya Las Vegas yaondoke. Bendi ndogo ya roki, nyimbo zenye makali, basi. Hapa ndipo ninapoona mzizi wa kila kilichofuata. Wasanii wengi wakichuja huongeza: wanatafuta kolabo, wanatafuta prodyuza wa msimu, wanaongeza wacheza shoo. Tina alipunguza mpaka akabaki na kile ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho, ile sauti yenye mikwaruzo na miguu isiyotulia.

Bendi mpya ikazunguka popote palipolipa. Mwaka 1981 alipata nafasi kwenye ukumbi wa The Ritz, New York, mahali pa vijana wa roki. Mwimbaji wa roki Rod Stewart alimwona, akamwita waimbe naye kwenye televisheni Oktoba mwaka huo. Mwezi uliofuata Rolling Stones wakamchukua awafungulie baadhi ya shoo zao. Tazama mtiririko wenyewe: hana albamu, hana wimbo redioni, hana kampuni, na bado watu wakubwa wa roki wanamtaka jukwaani. Walikuwa wamemwona kwa macho yao. Hawakuhitaji kuambiwa na chati.

Mwishoni mwa mwaka huohuo alilieleza jarida moja la Marekani jinsi maisha ya ndoa yake yalivyokuwa. Wakati ule mwanamke maarufu kusema hadharani kwamba mumewe alikuwa akimpiga lilikuwa jambo zito. Liweke hilo akilini, nitalirudia.

Mwaka 1982 mlango ukafunguka Uingereza, na aliyeufungua hakuwa mtu wa roki. Martyn Ware, kijana wa Sheffield aliyekuwa anapika muziki kwa vinanda vya umeme, alikuwa anatengeneza albamu ya nyimbo za zamani zilizorudiwa na waimbaji mbalimbali. Alimwomba Tina aimbe mmoja. Alipofika studio hakukuta bendi imekaa tayari kama alivyozoea maisha yake yote, akakuta mashine. Akaimba. Wimbo ulifanya vizuri Ulaya, na hapo ikajulikana jambo ambalo hakuna aliyelipanga: sauti ile ya moto, ikiwekwa juu ya vinanda vile vya baridi, inasikika kuliko inavyosikika mbele ya tarumbeta kumi.

Kampuni ya kurekodi ya Capitol ilimsaini, lakini kwa mashaka, na ndani ya kampuni walikuwepo waliokuwa tayari kumtema. Januari 1983 mwimbaji David Bowie, ambaye naye alikuwa na kampuni dada ya Capitol, alikuwa New York kwa ajili ya albamu yake mpya. Wakuu walipotaka kumtoa jioni, akawaambia anakwenda The Ritz kumtazama mwimbaji wake anayempenda kuliko wote. Mwimbaji huyo ni Tina Turner. Wakuu wakamfuata. Walikuwa na mkataba wake kabatini, lakini ilibidi Bowie awaonyeshe walichonacho.

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kusema Bowie ndiye aliyemwokoa. Mimi naona heshima ya usiku ule iende kwa bendi iliyokuwa jukwaani. Bowie aliwaleta watu mlangoni, ni kweli, na ni wema mkubwa. Ila kama mle ndani wangekuta shoo ya mahoteli ya mwaka 1978, wangekunywa kinywaji kimoja na kurudi kulala.

Ukitaka kusikia mahali hasa ambapo mambo yaligeuka, chukua Let's Stay Together. Ni wimbo wa Al Green, uliokuwa namba moja Marekani mwaka 1972, na wa Al Green ni laini, unabembeleza kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ware na mwenzake Greg Walsh wakautengeneza upya kwa ajili ya Tina. Sikiliza dakika ya kwanza. Ngoma haipo. Kinanda kimetandaza sauti ndefu kama ukungu, na yeye anaingia taratibu, chini kabisa, kama mtu anayeongea gizani na mtu mmoja tu. Anavuta maneno, anayaachia. Halafu mdundo unaingia, na unamkuta hajaongeza sauti. Angeweza kupaza, umma wote ulimjua kwa kupaza. Anangoja. Anapopanda hatimaye, wimbo mzima unapanda naye.

Ulitoka Uingereza Novemba 1983 na kufika namba 6. Nakala zikaanza kuvushwa kwenda Marekani na kupigwa kwenye kumbi za disko kabla kampuni yenyewe ya Marekani haijajipanga. Ndipo Capitol wakashtuka, wakataka albamu, na wakaitaka haraka.

Davies akazunguka London akiomba nyimbo. Albamu ilirekodiwa kwa muda wa kama wiki mbili, mwanzoni mwa 1984, studio tofauti, maprodyuza tofauti. Kwa kawaida ukiwa na wapishi wengi namna hiyo unapata pilau na ugali kwenye sahani moja. Private Dancer haikuharibika, na sababu ni kwamba Tina aliingia studio akiwa ameshamaliza kutafuta. Miaka mitano ya The Ritz, mahoteli na shoo za kufungulia wengine ilikuwa imemfundisha anaimba nini na anaacha nini. Prodyuza abadilike, kinanda kibadilike, mwimbaji ni yuleyule.

Nyimbo zenyewe zote zilikuwa za watu wengine. Ule uliobeba jina la albamu ulitungwa na Mark Knopfler wa bendi ya Dire Straits, akauweka kando kwa sababu aliona maneno yake yanamhitaji mwanamke. Ni wimbo wa mwanamke anayecheza kwa malipo mbele ya wanaume, na kwenye albamu unachukua zaidi ya dakika saba. Wanamuziki wa Dire Straits walipiga, Jeff Beck akaweka solo ya gitaa. Upo mmoja tu ambao kweli ulitungwa kutokana na maneno yake, I Might Have Been Queen, baada ya Tina kuzungumza na mtunzi Jeannette Obstoj juu ya imani yake kwamba roho huzaliwa upya. Alikuwa ameshika dini ya Kibudha tangu miaka ya 70, na kila siku alikaa chini kusali kwa kurudia maneno yaleyale. Mwenyewe alisema hayo ndiyo yaliyompa nguvu ya kuondoka.

Msomaji wa Kiswahili atafurahi kukuta jina moja kwenye orodha ya watengenezaji: Ndugu. Leon Chancler, Mmarekani Mweusi aliyekuwa mpiga ngoma hodari, alilitumia jina hilo la Kiswahili kazini, akaandikwa hivyo hata kwenye kazi alizofanya na Michael Jackson. Alishiriki kutengeneza wimbo mmoja uliowekwa kwenye nakala za Ulaya.

Sasa ule wimbo wa namba moja, What's Love Got to Do with It. Terry Britten na Graham Lyle walikuwa wameutunga na kuupeleka kwa wengine. Mwimbaji wa Kiingereza Cliff Richard alikuwa miongoni mwa waliopewa, na hakuutumia. Tina mwenyewe aliposikia hakuupenda. Aliuona mwepesi, wa kipopu mno, yeye anataka roki. Britten akakaa naye, wakashusha ufunguo, wakatafuta mahali pa kuukaza. Agizo kubwa lilikuwa asipige kelele. Kwa mtu aliyezoea kuzima bendi nzima kwa koo lake, hilo ni gumu kuliko kupaza.

Kutoka hapo watu wakasema anaimba maumivu yake. Mwandishi mmoja baada ya mwingine amerudia hivyo, na nadhani wanaharakisha. Wimbo haukutungwa juu yake, ulikuwa umekataliwa na mwanamume wa Kiingereza. Kilichotokea ni kwamba wasikilizaji walikuwa wamesoma yale mahojiano ya 1981. Walimjua mwanamke huyu alikotoka. Kwa hiyo alipouliza mapenzi yana kazi gani hapa, kwa sauti ya chini, bila kulia, walisikia swali la mtu ambaye ana haki ya kuuliza. Mwimbaji wa miaka 22 angeuimba wimbo uleule na ungekuwa wa kuringa. Yeye alikuwa na 44, na kila mwaka ulisikika. Lebo zilikuwa zimeona umri wake kama mzigo. Kwenye wimbo huu ukawa ndio mali.

Video nayo ilisaidia sana, maana ulikuwa mwanzo wa enzi za video. Anatembea mitaa ya New York, koti la jinzi, sketi fupi ya ngozi, viatu virefu, nywele zimesimama kama manyoya ya simba. Hakuna kisa kikubwa ndani yake. Anatembea tu, na vile anavyotembea unaelewa kwamba hakuna anayemfukuza.

Wimbo ulikaa namba moja wiki tatu. Hakuna mwimbaji wa kike wa peke yake mwenye umri kama wake aliyekuwa amewahi kufika hapo kwenye chati ya Marekani, na kwa Tina mwenyewe ilikuwa mara ya kwanza, miaka 24 tangu wimbo wake wa kwanza kushika chati. Albamu ilifika namba 3 Marekani, mwaka ambao mbele yake walikuwa Prince na Bruce Springsteen, na namba 2 Uingereza. Marekani peke yake imethibitishwa kwa mauzo ya nakala milioni 5, na duniani kote ilivuka milioni 10. Februari 1985 alichukua Grammy tatu: rekodi ya mwaka, mwimbaji bora wa kike wa pop na mwimbaji bora wa kike wa roki. Hiyo ya tatu naiona nzito kuliko zote. Kwa mwanamke Mweusi wa Marekani, redio zilikuwa na mahali pake pa kumweka, na roki haikuwa hapo.

Tuzo ya wimbo wa mwaka nayo ilikwenda kwa What's Love, lakini hiyo ni ya watunzi, kwa hiyo walioipokea ni Britten na Lyle. Jambo hilo linaonyesha kitu cha kibiashara ambacho mashabiki hatukitazami: albamu ikiwa ya nyimbo za wengine, fungu la mtunzi linakwenda kwa wengine, miaka nenda miaka rudi. Tina alijua kutunga. Wimbo juu ya kijiji chake cha Nutbush, uliovuma mwaka 1973, aliuandika mwenyewe. Kwenye albamu iliyombadilishia maisha hakuna hata wimbo mmoja wa mkono wake, na nasikitika kila nikiuangalia ukurasa wa majina.

Fungu lake yeye lilikuwa jukwaani, na huko alirudi mara moja. Ziara ya mwaka 1985 ilikuwa na shoo zipatazo 180, Ulaya, Marekani, Australia mpaka Japani. Kumbi za mahoteli zikawa historia, viwanja vikaanza. Januari 1988, kwenye uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, watu wapatao 180,000 walikuja kumtazama. Alikuwa na miaka 48, na ilikuwa imepita miaka 10 tangu mahakama imwachie lile jina.